Aya ya Mbuzi Aliyekula Kofia

Bi Chaki, mwalimu wa darasa la tatu, hakuwa mtu mbaya, ila alipenda sifa. Matokeo ya mtihani wa katikati ya muhula yalipotoka, chumba cha walimu hakikukalika.

"Mstari wangu wa nyuma unasoma kama watangazaji wa redio," alirudia mpaka chai yake ikapoa. Mwalimu mkuu naye akampongeza mbele yetu walimu wenzake. Mgema akisifiwa, mwajua wenyewe.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Kila mtoto aliitwa mezani kwa mwalimu, akasoma kwa sauti aya moja ileile, ya mbuzi aliyekula kofia. Bi Chaki aliwaita kwa mpangilio wa viti, wa mbele wakianza. Waliokwama aliwaweka mkekani arudie nao silabi. Waliosoma vizuri aliwapa hesabu za mafumbo, wasome na kukokotoa wenyewe. Utaratibu siulaumu. Kazi ya mtihani kama huo ni kumwonyesha mwalimu pa kuanzia kesho.

Chiriku, binti wa fundi cherehani, alikaa nyuma kabisa. Jina hilo alilipata kwa mdomo usiojua kupumzika. Alipopelekwa kwenye mafumbo, mdomo ukafungwa na daftari likawa linarudi jeupe. Bi Chaki akamwita mvivu, kisha jeuri, akamnyima kucheza na wenzake, mwishowe akamwita mama yake.

Mama alifika mbiombio, utepe wa kupimia ungali shingoni.

"Mama, mwanao anasoma vizuri sana. Hataki tu. Hebu sikia mwenyewe." Bi Chaki akafungua kitabu bila kukitazama, akamsukumia mtoto. "Soma ile ya mbuzi."

Chiriku akasoma. Hakuruka neno, na penye mkato alipumua. Bi Chaki akatabasamu kwa ushindi, akainama juu ya kitabu. Ukurasa ulikuwa wa nyuki. Kidole cha mtoto kilitembea juu ya habari za nyuki huku mdomo ukisimulia mbuzi na kofia yake.

Tabasamu likamkauka. Mstari wa nyuma ulikuwa umesikia aya ile kutoka kwa darasa zima kabla ya zamu yao kufika. Alichokuwa amepima ni masikio. Mama hakuwa ameona kitu. Kitabu kingeweza kufungwa tu, na nusura akifunge.

"Mama, nimekosea," akasema. "Hajui kusoma, amekariri. Kosa ni langu, si lake. Kesho atakaa nami mkekani, tutaanza upya."

Mama aliuzungusha utepe kidoleni.

"Aliniambia, mwalimu," akasema. "Kila jioni analia, 'Mama, mimi sijui kusoma.' Nikamjibu, mwalimu wako aseme unajua, wewe useme hujui? Nikamchapa."

Bi Chaki hakuweza kumtazama mama, wala mtoto. Chiriku ndiye aliyemtazama yeye, kidole kikiwa bado juu ya ukurasa.

"Nisamehe, mwalimu," akasema. "Ngoja niisome tena, nitaisoma vizuri."