Volti Mia na Hamsini Siku ya Puja

Asubuhi hiyo nilikuwa natunga maua ya njano kwenye uzi pamoja na Bibi. Ilikuwa Ayudha Puja, siku ambayo zana zote zinaoshwa, zinapakwa rangi nyekundu na kuombewa, halafu zinapumzika. Hata cherehani ya Mama ilishafungwa mpaka kesho yake.

Bibi alikuwa ananicheka. Muuza maua alinipa yaliyonyauka, na mimi nikayapokea kimya.

"Wewe Netra, nyumba ikishika moto utaomba samahani kwanza ndiyo upige kelele."

Baba aliondoka alfajiri na pikipiki kwenda Tumakuru. Aliniachia kompyuta yake.

"Saa nne bonyeza hapa, basi. Mteja anataka majibu ya vipimo vya chaja zake kesho."

"Lakini Baba, leo puja."

"Mashine haijui tarehe, mama. Na karakana imefungwa, hakuna mtu."

Mashine yenyewe, ya kupimia chaja kwa umeme, iko kwenye karakana anakofanya kazi Baba, mtaa wa Peenya. Baba huiamrisha akiwa nyumbani, kwa intaneti: panda volti hamsini, kaa dakika moja upime, panda tena, mpaka mia nne. Kamera ndogo inaonyesha kioo chake na nyaya mbili za mbele, ambazo vichwa vyake viko wazi.

Saa nne nikabonyeza. Hamsini. Mia.

Mkono ukaingia kwenye picha.

Ulikuwa umelowa, mwekundu mpaka kwenye kiganja. Pete ya shaba nikaijua: Mzee Siddalinga, mlinzi. Ana ufunguo, na kumbe alikuja kuiombea mashine. Akatia nukta ya rangi juu ya kifuniko. Akatia nyingine kwenye vitufe. Halafu kidole kikaanza kushuka kwenye nyaya.

Nikabonyeza kusimamisha. Kompyuta ikaandika: subiri. Mashine ikishaanza kupima haipokei amri nyingine mpaka imalize dakika yake na kupanda hatua inayofuata, na ilikuwa imebakiza sekunde hamsini na mbili.

Nikampigia simu. Mimi, ambaye hata shangazi zangu nawaandikia tu.

"Nani?"

"Mimi, Netra, binti wa Mahadevappa. Samahani, Mzee, shikamoo, mkono..."

"Sisikii! Sema kama mtu aliyekula!"

"ONDOA MKONO KWENYE WAYA!"

Bibi aliangusha maua. Kwenye kamera mkono ukasimama, umebakiza kama upana wa vidole viwili.

"Ala! Unaniona?"

"Ina umeme, Mzee! Toka nje!"

"Umeme gani siku ya puja? Nani kaiwasha?" Akabonyeza kitufe cha kuzima. Akabonyeza tena. "Mbona kimekufa?"

"Ikiongozwa na kompyuta vitufe havifanyi kazi. Toka!"

"Ngoja, binti. Nimebakiza nukta moja, kwenye hii waya. Siwezi kuiacha nusu, mwaka mzima utakuwa mbaya."

"Usiiguse!"

"Nagusa kidogo tu."

"Mzee, ukigusa unakufa! Unakufa mimi nikiangalia!"

Sijui sauti hiyo ilitoka wapi. Tone jekundu likadondoka mezani, karibu na waya. Kioo kikaruka: mia na hamsini. Mkono ukatoka kwenye picha haraka, nikasikia kiti kikianguka, na simu ikakatika.

Amri yangu ikapokelewa hapo hapo. Sifuri.

Nikampigia tena. Alipokea akihema.

"Niko nje, kwenye ngazi. Aliyekwambia uiwashe ni baba yako?"

Nilitaka kusema sijui. "Ndiyo."

"Leo."

"Ndiyo, Mzee."

Hakunigombeza. Alisema tu anafunga mlango, kisha akakata.

Bibi alinipa maji. Nilipomaliza kuyanywa nikamwandikia Baba: "Nimeizima. Mzee Siddalinga alikuwa ndani, kidole chake kilikaribia kugusa waya. Siiwashi tena, hata ukirudi uniamrishe."

Alama mbili kwenye ujumbe zikageuka buluu: Baba ameusoma. Nikaifunga kompyuta. Halafu nikainama kuokota maua ya Bibi.