Tanga Lililokataa Upepo

Berthe Kanyere alipomwona Sophie akiingia uani na furushi la turubai kichwani, alianza kukanyaga cherehani kwa nguvu. Sindano haikuwa na uzi. Hakutaka tu akutwe amekaa bure.

Kwa miezi mitatu mtaa mzima wa Kimemi ulikuwa ukimtaja Sophie. Seremala Luc Kamate alikuwa amefufua mashua ndogo za tanga, zile za mbao zilizokuwa zikishindana zamani ziwani, kule Kyavinyonge. Alitengeneza nne, zote za kipimo kimoja, ili anayeshindwa asipate cha kulaumu ila mikono yake. Matanga ya zile za kwanza aliyashona Berthe, enzi za ujana wake. Haya ya sasa Luc alimpa Sophie wa mtaa wa Bulengera, ambaye Berthe mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mkasi. Tangu hapo, kila aliposikia msichana huyo akisifiwa, aligeuza mazungumzo.

Sophie aliacha viatu mlangoni, akalikung'uta turubai nje ili lisiingize vumbi, kisha akalitandaza sakafuni.

"Mama, tanga yangu inakatala upepo," alisema. "Tulijaribu juzi. Mashua inatembea sawa ngombe ya kuvuta na kamba. Na mbio ni dimanche, baada ya misa."

Berthe alifurahi, akainama kutafuta chaki ili uso wake usionekane. Kosa alikuwa ameliona papo hapo. Ukingo unaofungwa kwenye mlingoti ulikuwa umekatwa kwa rula, umenyooka kama pindo la pazia. Ungepaswa kutokeza katikati, kama tumbo la mimba changa. Ukishafungwa kwenye mti ulionyooka, kitambaa kinachozidi huingia ndani na kufanya mfuko wa upepo.

"Kitambaa iko nzito," alisema. "Utafute ingine."

Sophie aliamini. Alishukuru, akalikunja turubai lake polepole. Halafu macho yake yakatua kwenye cherehani. Aliitazama sindano tupu, akamtazama Berthe. Akapiga magoti, akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaupitisha tunduni na kuuacha mrefu kwa nyuma, kama anavyofanyiwa mtu ambaye macho yake yamechoka. Akajitwika furushi, akatoka.

Macho ya Berthe yalikuwa mazima kabisa.

Sophie alikuwa amekwishafika barabarani alipoitwa.

"Rudia, Sophie. Nimekudanganya. Kitambaa haina mubaya."

Sophie alirudi. Akalitandaza turubai tena. Berthe alishuka sakafuni kwa taabu, akachora ukingo mpya kwa chaki, akipunguza juu na chini na kuacha katikati. Sophie akakata. Mkasi wake haukutoka nje ya chaki hata mara moja, na hilo nalo lilimuuma Berthe.

Walipomaliza pindo walilifunga tanga kwenye nguzo ya jiko la nje, ili kulijaribu. Jirani wa Berthe, Lusenge, akachungulia juu ya ua.

"Ni nani alishona hii?"

Sophie alifungua mdomo.

"Ni Sophie," Berthe alimtangulia, kwa sauti kavu.

Upepo ukashuka kutoka mlimani. Tanga likajaa taratibu, kuku wakatawanyika, nguzo ikaanza kulia. Wanawake hao wawili walikuwa wameshika kamba moja, ile ya pembe ya tanga, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiachia.