Barua ya Nyapara

Tumirah alimkuta mwanawe wa miezi mitano kwenye mkeka wa nyumba ya kulelea watoto, mdomo wazi, akilia bila chozi hata moja. Bibi Painem alikuwa na watoto kumi na wanane na ndoo moja ya maji.

"Anaharisha tangu asubuhi, mwanangu," alisema. "Hebu mguse utosi."

Utosi ulikuwa umebonyea. Tumirah alimfunga Seno kwa mbeleko, akakata katikati ya michikichi kumtafuta nyapara. Kwenye mashamba yale ya Sumatra zahanati ni ya kampuni, na haiingiliki bila barua ya nyapara.

"Bomba la dawa ya magugu liko wapi?" nyapara Togar aliuliza kabla ya salamu.

"Nimelitua. Naomba barua, bwana. Mtoto anaisha."

"Anaisha na sauti hiyo? Kulia ndiyo kazi yake, Mama Seno. Yako ni magugu. Mwenzio anachapa kazi, wewe bado mistari sita."

Vijana wa kukata mikungu wakacheka. Tumirah alikaa chini, mbele ya gurudumu la pikipiki ya Togar.

"Toka hapo."

"Niandikie."

Jua lilipanda. Kilio kikawa chembamba, kikawa mguno, kikakoma. Tumirah alimwekea Seno sikio kifuani. Togar alitabasamu.

"Si huyo kanyamaza? Barua ya nini tena?"

Tumirah aliinuka, akamchomolea kitabu cha barua mfukoni, akachana karatasi moja, akashika njia.

"Bila sahihi hiyo ni ya kufungia vitumbua!" Togar alimpigia kelele.

Karani wa zahanati aliigeuza karatasi mara mbili dirishani, akamrudishia.

"Haina sahihi. Halafu mbona katulia? Hapa tunapokea wagonjwa, mama."

Tumirah alimfinya Seno unyayo, akamfinya tena kwa kucha. Mtoto hakulia. Ndani, hatua tatu tu nyuma ya karani, chupa za maji ya kutundikia wagonjwa mshipani zilikuwa zimepangwa kwenye rafu.

"Rudi kesho na sahihi," karani alisema, akavuta dirisha.

Tumirah alitia mkono. Ubao wa dirisha ukambana kifundo cha mkono.

"Toa mkono, mama. Utaumia."

"Vuta."

"Mama, nafunga!"

"Funga basi," alisema, karatasi ikiwa bado vidoleni, upande wa ndani. "Sitoi."

Karani akaegemeza bega kwenye ubao, akamwita mlinzi.