Maswali ya Mama Mdogo

Katika kampuni ile ya kushona mapazia kila mtu alimwita Waya, kwa sababu hukumkuta hata siku moja bila waya shingoni, kama fundi nguo asivyokosa futi yake ya kupimia. Kampuni yenyewe haikuwa kubwa. Chini kulikuwa na karakana: cherehani safu mbili, meza ndefu ya kukatia, na majora ya vitambaa yaliyosimamishwa ukutani. Juu kulikuwa na ofisi chache, na katikati yake kichumba kisicho na dirisha, ambamo zamani walikuwa wakiweka nyuzi na vishikizo. Humo ndimo Waya alimokaa na seva yake, feni ikimpulizia vumbi la pamba mchana kutwa.

Kazi yake ilikuwa maswali. Printa inatoa karatasi nyeupe, nifanyeje? Mtandao umekufa, umeuawa na nani? Haukufa, mtu alichomoa plagi apate pa kuchomeka pasi. Herufi zote zimekuwa kubwa, kompyuta imenikasirikia? Waya alishuka ngazi, akabonyeza mahali, akapanda ngazi. Alikuwa hodari wa kazi yake, hilo halina ubishi. Alikuwa pia mcheshi, na ucheshi ndio uliokuja kumponza.

Mwenye maswali mengi kuliko wote alikuwa mama yake mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na mama yake. Yeye ndiye aliyepokea oda. Alikuwa hapo tangu kampuni ina cherehani mbili na paa linalovuja, na ndiye aliyemwombea Waya kazi pale kijana alipomaliza chuo akawa anashinda nyumbani akihesabu mbao za dari. Wengine walimwita Waya. Yeye alimwita "mwanangu", tena mbele za watu.

"Mwanangu, kompyuta inakataa neno langu la siri."

"Umeandika lile jipya au la zamani, Mama Mdogo?"

"Kwani jipya ni lipi?"

"Lile tuliloweka juzi."

"Juzi niliweka. Leo silioni kichwani."

Waya alishuka akamwekea jingine, akamwambia kwa upole asiliandike kwenye karatasi na kulibandika kwenye skrini. Akatabasamu, akaagana naye vizuri. Lakini akishafika juu alitoa simu. Alikuwa na kundi la ujumbe na watu wawili, dereva na karani wa mauzo, na kundi lile walilipa jina "Vituko". Humo Mama Mdogo hakuwa Mama Mdogo. Alikuwa Bi Nimesahau. "Leo Bi Nimesahau kauliza mtandao ukikatika barua zake zinamwagikia wapi." Dereva alijibu kwa vikaragosi vya kucheka machozi. Karani akaongeza chumvi yake. Waya alijiambia kwamba hakuna aliyeumia, maana aliyesemwa hakusikia.

Ikawa mwenye kampuni, ambaye wote walimwita Mama Bosi, amenunua programu mpya ya kupokea oda. Ilikuja kwa lugha ya kigeni, Waya akakesha nayo akiitafsiri neno kwa neno, akatengeneza na karatasi ya vipimo ambayo ingechapishwa kwenda meza ya kukatia. Siku ya mafunzo, mashine zilizimwa, watu wakapanda na viti vyao hadi chumba cha mikutano. Mama Mdogo alikaa mstari wa mbele, miwani puani, mikono mapajani kama mwanafunzi. Waya akaunganisha laptopu yake na projekta, picha ikatanda ukuta mzima.

Aliisahau simu. Alikuwa ameiunganisha na laptopu ili asome ujumbe akiwa kazini bila kuinama. Dereva alikuwa barabarani akipeleka mzigo, hakujua kwamba skrini ya Waya iko ukutani. Akatuma ujumbe, nao ukajitokeza kwenye pembe ya ukuta: "Vipi, Bi Nimesahau ameshakumbuka kiti chake?"

Watu wawili watatu walicheka, wasijue wanacheka nini. Waya akaharakisha kuufunga. Mkono ukateleza, akabonyeza katikati ya ujumbe badala ya pembeni, na kundi zima likafunguka pale ukutani, maneno ya miezi, kila herufi kubwa kama kiganja. Swali la barua zinazomwagika lilikuwepo. La kipanya kilichochoka lilikuwepo. Na chini yake kulikuwa na moja ambalo Waya mwenyewe alikuwa hakumbuki kama aliliandika: "Asingekuwa ndugu yangu, ningeshamwambia bosi amrudishe kukunja vitambaa."

Alichomoa waya wa projekta. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Alikuwa ameiona midomo ya Mama Mdogo ikicheza, maana alisoma polepole, na alikuwa amefika mwisho.

Mama Mdogo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi yake, akaivaa.

"Endelea, fundi," alisema. "Ulikuwa umefika kwenye kitufe cha kijani."

Tangu Waya aajiriwe, Mama Mdogo hakuwahi kumwita fundi. Waya aliendelea. Alisema nini, hakujua. Alisikia sauti yake kama ya mtu anayeongea chumba cha jirani, na masikio yalimwaka kana kwamba amepigwa makofi ya kushoto na kulia.

Kesho yake alishuka mapema kumwomba radhi. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Mama Mdogo alikuwa ameinamia simu ya mezani. Akaweka kiganja juu yake kama anayefunika mdomo wa simu, akasema, "Nina mteja," bila ukali wowote. Waya akasimama kidogo, akaona mkono wa simu umekaa mahali pake, haujanyanyuliwa kabisa; mteja hakuwepo. Akapanda ngazi.

Siku zile simu yake ya ndani ilinyamaza. Mwanzoni akashukuru, maana alitaka kujificha. Halafu akaanza kuelewa ule ukimya. Hakuna aliyemuuliza kuhusu printa. Hakuna aliyelalamikia mtandao. Alipopita karakana watu walimsalimia vizuri, kisha wakageukia nyuzi zao. Hata karani wa mauzo, mcheshi mwenzake, sasa alimkwepa kama mgonjwa wa ukurutu.

Mwisho wa wiki akaenda kwa mama yake, roho mkononi. Alijua habari zimefika. Ndugu wawili wale hawakuwahi kufichana hata bei ya chumvi. Mama yake akamwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Mama yako mdogo alikuwa hapa jana," alisema.

Waya akaacha kutafuna.

"Amesema umewafundisha ule mfumo mpya vizuri sana. Anasema una subira na watu wazima, sijui umeitoa wapi, maana kwangu huna." Akacheka. "Kula, mbona unaangalia sahani?"

Alikula. Kila tonge lilishuka kama mchanga. Angeweza kusema pale pale, na mdomo aliufungua mara moja, lakini ukatoka na ombi la maji.

Aibu haimalizi kazi yake na mtu mpaka imsimamishe mbele ya wenzake. Haukupita muda mrefu, akaitwa ofisini kwa Mama Bosi. Alimkuta Mama Mdogo amesimama karibu na dirisha, na karibu yake mkataji vitambaa, mtu mrefu mkimya waliyemwita Mkasi. Mezani kulikuwa na karatasi ya vipimo.

Zahanati ya wazazi ilikuwa imeagiza mapazia ya kutenga vitanda, oda ya kwanza kupita kwenye programu mpya. Yalishonwa, yakapelekwa, yakatundikwa, na sasa muuguzi mkuu alikuwa amepiga simu kwa sauti ambayo Mama Bosi hakutaka kuirudia. Mapazia yalikuwa marefu hadi yanafagia sakafu, na membamba hadi hayakutani.

"Nilikata kama karatasi ilivyosema," alisema Mkasi.

"Niliandika kama mteja alivyosema," alisema Mama Mdogo.

Mama Bosi akawaangalia wote wawili, akaona wanasema kweli, akamgeukia Waya. Waya akafungua laptopu. Hakuhitaji kutafuta sana. Kwenye skrini ya oda aliandika urefu kwanza, upana baadaye. Kwenye karatasi ya mkataji aliandika upana kwanza. Tarakimu zilikuja kwa mpangilio ule ule wa mwanzo, zikaangukia chini ya maneno yasiyo yake. Hakuna mashine iliyokosea. Ni yeye aliyetafsiri, na usiku ule hakujaribu hata oda moja mpaka mwisho.

"Ni mimi," alisema. "Karatasi niliitengeneza vibaya."

Mama Bosi akamgeukia mkataji. "Mkasi, miaka yote hii unakata mapazia. Hukuona?"

"Niliona. Pazia la kitanda halikai vile." Mkasi alikuna shingo. "Nikasema labda ndio mfumo mpya. Na nikiuliza, nisije nikaandikwa ukutani."

"Na wewe?"

Mama Mdogo aliangalia nje. "Niliona karatasi ilipotoka. Nikadhani nimekosea mimi. Nikanyanyua simu nimpigie, nikairudisha." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nimechoka kuchekesha watu."

Waya alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haina haraka na mtu anapoihitaji.

"Waya, nenda na mama yako mdogo mkapime upya," alisema Mama Bosi. "Na wewe ndiye utakayeongea na muuguzi mkuu. Si yeye."

Wodi ilikuwa safi, yenye harufu ya dawa ya sakafu na maziwa. Mapazia ya bluu yalilala chini kama nguo ya mtoto aliyevaa ya babake, na katikati, pale yalipopaswa kukutana, wauguzi walikuwa wameyabana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kwenye kitanda cha tatu kibanio kilikuwa kimefyatuka. Muuguzi alikuwa anamhudumia mwanamke aliyejifungua, na mwanamke huyo, kwa mkono mmoja amemshika mtoto, alikuwa amenyoosha mkono wa pili kuvuta ncha ya pazia na kuishikilia, ili watu wanaopita wasimwone.

Waya akageuka haraka, akaangalia ukuta. Hata ukuta hakuweza kuutazama.

"Nani alipima?" aliuliza muuguzi mkuu.

"Vipimo vilikuwa sahihi," alisema Waya. "Mama huyu hakukosea kitu. Mimi ndiye niliyevipindua kwenye kompyuta. Naomba radhi kwako na kwa wagonjwa."

Muuguzi mkuu alimwambia maneno yake, na hayakuwa machache, na Waya aliyapokea yote akiwa amesimama wima. Kisha wakapima. Yeye alipanda juu ya kiti kushika ncha ya futi kwenye reli. Mama Mdogo aliishika chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kuwa pamoja bila simu wala mteja wa kujificha nyuma yake.

"Mama Mdogo, nisamehe," alisema akiwa kule juu.

"Ivute, imelegea." Akaivuta. "Nimeshakusamehe. Ungekuwa mtoto wa watu ningechukua muda. Lakini usiniombe nisahau. Neno la siri nalisahau kila Jumatatu. Yale ya ukutani ninayo yote, mpaka nukta."

Waya hakujua kama ana ruhusa ya kucheka, akaikaza futi kwenye reli.

"Mbona ulimwambia mama nina subira?"

"Ulitaka nimwambie nini? Dada yangu ana mtoto mmoja." Alisoma kipimo, akainua uso. "Mia mbili na arobaini. Ni urefu huo. Andika, usiniangalie mimi."

Akaandika.

Jioni alipitia kwa mama yake na kumweleza yote, bila kuruka lile la kukunja vitambaa. Mama yake hakumkemea. Aliondoa vikombe mezani, akaviosha ingawa vilikuwa safi, na mgongo akiwa amempa alisema tu, "Mdogo wangu amekaa hapo hapo ulipokaa, akanitabasamia." Waya akaondoka bila kuagwa mlangoni, na njia nzima alitembea upande wa kivuli.

Kundi la "Vituko" alilifuta. Kisha akateremka karakana na karatasi ya vipimo, akamuuliza Mkasi yeye mezani anaitaje pande za kitambaa. Mkasi alimtazama kwanza, apate kujua kama ni mtego. "Huu tunasema kwenda chini," alisema hatimaye. "Na huu, kwenda pembeni. Urefu ni neno la watu wa dukani." Waya akayaandika hivyo hivyo, akachora na pazia dogo lenye mishale, akachapisha oda moja, wakaipitia pamoja mpaka kwenye kitambaa chenyewe. Mapazia mapya alikwenda kuyatundika yeye.

Maswali hayakurudi upesi. Yalirudi kama paka aliyemwagiwa maji: kwanza mshonaji mmoja, aliyeuliza kwa kuzunguka, kisha karani wa stoo. Mama Mdogo alikuwa wa mwisho. Siku simu ilipoita na akasikia sauti yake, Waya alisimama bila kujua amesimama.

"Fundi, mteja kaniletea picha ya dirisha kwa simu. Nataka iingie ndani ya oda yake. Inaingilia wapi?"

Waya alifikiria. Zamani angejibu chochote, ilimradi asionekane hajui.

"Sijui, Mama Mdogo," alisema. "Sijawahi kujaribu. Nakuja tuangalie wote."

"Njoo basi," alisema, na simu ikakatwa.

Alishuka. Mama Mdogo alikuwa amesogeza mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pili. Waya akakaa, uso ukimchoma bado, wakaanza kubonyeza vitufe kimoja baada ya kingine.