Mgeni wa Hema la Pili

Kina Dada wa mtaa wa Jabe hawamwingizi mtu katika chama chao cha dufu bila kwanza kukaa naye na kuzungumza. Kupiga dufu mtu atafundishwa, husema Miza, mwenyekiti wao, lakini asiyejua kuongea na mgeni atawaaibisha kwenye harusi za watu. Kwa hiyo kila mwaka, Jumamosi moja, hukodi hema na viti vya plastiki, wakapika chai ya tangawizi, na kila dada akawekewa kiti kitupu mbele yake. Mgeni atakayekikalia ni wake. Mgeni akiondoka bila kuandikisha jina, aibu pia ni yake.

Nura alikuwa na aibu ya miaka miwili. Mwaka juzi maneno yalimwishia, akaanza kumweleza mgeni jinsi figo zinavyofanya kazi, mpaka mgeni akaomba kuonyeshwa choo na hakurudi tena. Mwaka jana alikaa na msichana aitwaye Lisette robo saa nzima bila neno, wakitazamana kama watu waliogongana kwa baiskeli.

Safari hii Miza alimwambia waziwazi: kabla ya adhana ya alasiri awe amepata mtu mmoja, la sivyo arudishe kitenge cha njano, sare ya chama. Nura alikuwa amekivaa kitenge hicho kwenye harusi kumi na nne. Hakuwa na kitu kingine kilichomfanya aitwe dada na watu wasio ndugu zake.

"Mugeni akienda kushoto, na we enda kushoto," Miza alimfundisha. "Usimukosoe. Ukikosa la kusema, chukua neno lake la mwisho umurudishie."

Upande wa pili wa ukuta, siku hiyohiyo, kulikuwa na hema lingine kutoka kwa mkodishaji yuleyule, lenye viti vilevile. Shakuru, fundi wa magari, alikuwa amezikwa juzi.

Mama mmoja, Mawazo, alitoka Gatumba kuja msibani na beseni la mchele kichwani. Alikuwa ameambiwa atafute hema, akaliona hema. Aliona pia wanawake waliovaa sare ya kitenge, akadhani ni sare ya familia. Akatua beseni, akakalia kiti kitupu mbele ya Nura na kujifuta jasho.

"Alikuwa mutu muzuri," akasema.

"Muzuri," Nura akasema.

"Sana."

"Sana."

Mawazo akaanza kulia. Nura alielewa papo hapo kwamba mama huyu amekosea mlango, akafungua mdomo amwambie. Lakini Miza alikuwa barazani, saa mkononi, akitikisa kichwa kwa kuridhika, maana hakuna dada aliyewahi kumgusa mgeni hivyo katika dakika ya kwanza. Nura akafunga mdomo.

Mawazo akasimulia mafuriko. Shakuru alikuwa amekwenda Gatumba kutengeneza pikipiki ya mtu, maji yakamkuta huko. Aliibeba cherehani ya Mawazo kichwani, maji yakimfika kifuani, na njia nzima aliimba ili Mawazo asiogope. Aliimba vibaya mno. Nura akauliza ni wimbo gani. Mawazo akauimba, na dada wa kiti cha jirani, kwa mazoea tu, akaupigia dufu polepole.

Wageni wengine wakaona mazungumzo yenyewe yako huku, wakavuta viti. Wawili wakalia. Mmoja wao hakujua analia nini, ila alitaka sana kupokelewa. Muda si mrefu chai ilikuwa imepoa, na wanawake kumi na mmoja walikuwa wakimwomboleza fundi ambaye, ukimtoa Mawazo, hakuna aliyewahi hata kumpa baiskeli ajaze upepo. Miza mwenyewe alishuka barazani, akamkumbatia Mawazo na kumpa pole.

"Apana mimi," Mawazo akasema, akimnyooshea Nura kidole. "Mupe pole mujane."

Miza akamgeukia Nura. Nura, ambaye hajawahi hata kuposwa, alikuwa na neno moja tu la kurudisha.

"Mujane," akasema.

"Tena mutoto hivi," Mawazo akaongeza. "Shakuru naye."

Hapo kichwa kilichofunikwa kanga nyeupe kikatokeza juu ya ukuta. Alikuwa Houda, mjane mwenyewe. Alikuwa katika eda, miezi minne na siku kumi bila kutoka uani kwake, basi alikuwa amepanda juu ya matairi ya marehemu.

"Nasikia jina la mume wangu," akasema. "Na nasikia kuko mujane mwingine. Ni nani?"

Viti vyote vikamgeukia Nura. Kumfuata mgeni sasa kungekuwa kujiozesha kwa maiti.

"Hakuna mwingine, mama," akasema. "Huyu aliingia mulango si yake. Mi nilijua, nikanyamaza, sababu nilitaka abaki."

Mawazo akaacha kulia, akatazama beseni lake. "Basi nimelia bure?"

Miza akatazama saa, kisha kitenge. Nura akaanza kulifungua fundo kiunoni mwenyewe, bila kungoja kuambiwa.

"Hiyo ya cherehani," Houda akasema kutoka ukutani, "hakuniambia."

Akamwomba Mawazo aanze upya, tangu maji yalipoingia. Siku tatu hizi, alisema, watu wamejaa kwake na wote wamemwambia avumilie. Wanaume wako hemani wanabishana nani achukue jeki. Hakuna hata mmoja aliyemsimulia Shakuru. Basi Mawazo akarudia yote, na alipofika kwenye wimbo Houda akacheka mpaka matairi yakayumba, akaushika ukuta asianguke.

"Na nyumbani alikuwa anaimba wakati gani?" Nura akauliza. Hilo halikuwa neno la mwisho la mtu yeyote. Alitaka kujua tu.

Houda akamwambia. Wakazungumza mpaka adhana ilipokaribia.

"Hiki chama chenu," Houda akauliza, "kinapokea wajane?"

Miza ni mtu wa utaratibu. Alijibu kwamba hakuna sheria inayokataza, ila mgeni sharti akalie kiti. Mawazo akainuka, wakapitisha kiti hicho cha mbele ya Nura juu ya ukuta. Houda akashuka kwenye matairi, akakikalia upande wake, na kutoka huko, bila kuonekana, akataja jina lake polepole ili liandikwe vizuri. Miza akaandika: Houda, baada ya eda.

Adhana ya alasiri ikaanza. Miza akamwambia Nura kitenge ni chake. Nura akashukuru, akakivua, maana njano si rangi ya msibani, akakikunja juu ya kiti na kubaki na gauni lake la kahawia. Kisha akalinyanyua beseni la mchele, akajitwika, na yeye na Mawazo wakatoka kwenda kuingia mlango wa pili.