Mke wa Jasusi

Rwamba alikuwa mtu wa Karurumo, upande wa Embu, na Kiembu chake hakikumfikisha mbali Kibirichia, huko Meru alikoolewa. Mama mkwe wake, Kananu, alizungumza Kimeru cha kwao na Kiswahili alichokiokota sokoni. Munene, mume wa mmoja na mwana wa mwingine, ambaye angewaunganisha, alifanya kazi katika ofisi za kaunti mjini Embu na alirudi nyumbani wikendi tu. Basi siku nyingine zote wanawake hao wawili waliishi kwa adabu nyingi na maneno machache. Kananu alimpakulia mkaza mwanawe nyama nzuri, kisha akala kimya, kama mtu anayekaa na mgeni.

Likizo ya Agosti, ukungu ukiwa umefunika mashamba ya viazi na hakuna kazi ya nje, Kananu alitoka chumbani na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha meza. Kilikuwa kitabu cha katuni cha zamani, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Jalada lake lilikuwa na picha mbili: juu mwanamume mwenye koti refu na bastola, chini fuvu la kichwa na mshumaa. Kiliitwa *Siri na Mizimu*. Marehemu mumewe, Ishmael, alikinunua Embu akiwa kijana aliyekwenda kuuza viazi. Nusu ya kwanza ilikuwa hadithi ya Jasusi Shabo. Nusu ya pili, ya daktari aliyefukuza mizimu, Ishmael aliishona kwa sindano ya magunia isifunguke, maana alikuwa mzee wa kanisa.

Kananu hakujua kusoma. Alieleza kwamba Ishmael alikuwa akimsomea mara kwa mara, akitafsiri kwa Kimeru, na tangu afariki mwaka uliopita hakuna aliyemsomea.

Rwamba alifurahi kuombwa kitu. Alisoma polepole, kwa sauti ya darasani. Jasusi Shabo akapewa kazi, akatoka alfajiri, akapita mtaani chini ya dirisha ambapo mwanamke mmoja alikuwa amesimama. Rwamba akafunua ukurasa.

"Umeruka," Kananu akasema. "Bibi yake bado hajaongea."

"Bibi gani, mama?"

Kananu akaweka kidole juu ya yule mwanamke wa dirishani. Akasema hapo ndipo anapomgombeza Shabo kwa kutoka bila kula. Na baadaye, akifungiwa kwenye pipa, Shabo anamkumbuka. Na mwisho anarudi, mke anamuuliza kama amekula, wanakaa jikoni.

Rwamba alirudi nyuma, akatazama kila ukurasa. Yule mwanamke alichorwa mara moja tu, bila neno hata moja. Mwisho wa hadithi, Shabo alipanda ndege peke yake. Angeweza kudanganya, na alifikiria kufanya hivyo, lakini Kananu alikuwa akimtazama usoni.

"Mama, hapa hakuna mke," akasema. "Huyu ni mtu tu, amesimama dirishani."

Kananu akachukua kitabu, akakifunga tena kwa kitambaa, akaingia chumbani. Jioni hakula. Rwamba alimpigia Munene simu akamwambia ameharibu. Munene alisema wao watoto hawakuwahi kusomewa kile kitabu. Kilikuwa cha baba na mama, nao wakifukuzwa wakalale.

Asubuhi Rwamba alikuwa akimenya viazi jikoni, machozi yakimlengalenga, Kananu alipoingia, akavuta kigoda na kuchukua kisu. Walimenya kwa muda. Kisha Kananu akaanza kusema, macho yakiwa kwenye kiazi.

"Niliuliza Ishmael, huyo bibi anaitwa nani? Akasema jasusi hawezi taja jina ya bibi yake, adui watasikia. Huyo mama alikuwa anapanda viazi. Alikuwa na mdomo. Akikasirika anafunga mlango kwa nguvu. Mimi nilikuwa namuonea huruma, nasema, maskini, ako na bwana wa kupotea. Miaka yote hiyo. Kumbe ni mimi."

Rwamba akamgusa goti. Kananu akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, hadi akalazimika kufuta macho kwa leso. Akasema Ishmael hakuwahi kumwambia neno tamu hata siku moja, walioana wakazeeka, na yeye alidhani hajui kusema maneno kama hayo.

Walipomaliza kucheka, viazi vikiwa motoni, Kananu akaleta kitabu na kukata nyuzi za gunia kwa kisu kile kile. Alitaka kujua kilichofichwa huko nyuma. Rwamba akauliza kama si vibaya, kwa sababu ya kanisa. Kananu akasema watasali baadaye.

Hadithi ile ilitisha kuliko walivyotarajia. Mzimu uliingia kwenye nyumba za watu kupitia bomba la moshi, daktari akaufuata na taa iliyokataa kuwaka. Nje upepo ulitikisa mabati. Kananu alisikiliza akila njugu, akiuliza maswali: mzimu unaenda wapi mchana, na kwa nini daktari haji na mwenzake. Ni Rwamba aliyeacha kusoma katikati ya sentensi, akatazama mlango, akacheka kwa aibu. Akakiri kwamba tangu utotoni mambo haya humnyima usingizi.

Kananu akavuta kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana, akamfunika mabega kwa nusu ya shuka lake.

"Soma tu," akasema. "Mimi niko hapa."

Munene alipofika Ijumaa aliwakuta wanabishana, mmoja kwa Kimeru na mwingine kwa Kiembu, iwapo daktari alifanya haraka mno kuufukuza ule mzimu. Aliuliza chakula kiko wapi, akaambiwa angoje.