Kiti cha Tatu cha Zanzibar

Wiki ileile Genoveva alipotangaza kugombea uenyekiti wa chama cha Watanzania wa Maryland, mwenyekiti Gervas, aliyekuwa akigombea tena, alimfuta uanachama. Eti utovu wa nidhamu. Utovu gani, hakusema. Mkubwa akikufukuza hakupi maelezo.

Genoveva, muuguzi wa Laurel, si mtu wa kwenda kulia pembeni. Alikata rufaa kwenye baraza la katiba la chama. Baraza hilo walikuwa wameliunda mwaka 2004 kwa kuiga Mahakama Maalumu ya Katiba ya nyumbani: nusu ya wajumbe watoke Bara, nusu Zanzibar. Wao waliweka watatu kwa watatu, na uamuzi haupiti mpaka wawili wa kila upande wakubali. Na kama ile ya nyumbani, halikuwahi kukaa. Kiti cha tatu cha Zanzibar kilikuwa kitupu, na Gervas alikipenda hivyohivyo.

"Baraza halijatimia," alisema kwa upole wa kuudhi. "Subiri, dada yangu."

Mwanachama pekee Mzanzibari aliyebaki bila kiti alikuwa Fahmi wa Oxon Hill, ambaye dada yake ameolewa na Gervas. Rafiki yake Genoveva, Anitha, mwanafunzi wa sheria aliyepanga chumba mtaa wa Shaw, Washington, alishika kichwa.

"Dada Geno, uko serious? Huyo ata-vote na shemeji yake."

"Kiti kitupu hakinisikii," Genoveva alijibu. "Fahmi ana masikio."

Jumamosi akaenda kwake.

"Wajua Gervas shemegi yangu?" Fahmi aliuliza.

"Najua."

"Na wanitaka vivyo hivyo?"

"Nataka baraza likae. Ukiona nimekosa, sema nimekosa."

Fahmi akakubali, Wazanzibari wenzake wakampitisha. Gervas alifurahi mno, hata siku ya kikao akaleta soda za watu wote.

Wajumbe watatu wa Bara walisema Genoveva arudishwe. Upande wa Zanzibar, wa kwanza alikubali, wa pili akakataa. Akabaki Fahmi. Genoveva aliogopa, tena sana, lakini hakuinamisha kichwa.

"Mwenyekiti hakutuonesha kosa," Fahmi alisema. "Arudi."

Gervas aliweka chupa chini. "Fahmi, na dada yako je?"

"Dada ana kiti chake nyumbani kwako, shemegi. Hiki nilichokalia ni cha Zanzibar."

Genoveva akainuka nyuma alikokalishwa kama mgeni, akaenda mbele kukaa na wagombea, ubavuni mwa Gervas. Akafungua soda yake.